Kubadili Pikipiki ya Kisasa Nyumbani Mwanza Bila Kukata Wayaringi

Fundi aliyezoea Boxer na TVS HLX za bodaboda anaweza kuifungua kabureta akiwa amechuchumaa kando ya barabara pale Igoma, akaisafisha na kuirudisha huku abiria akisubiri. Pikipiki ya injekta, yaani ile ambayo mafuta yake hupulizwa kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, yenye breki za ABS (zinazozuia gurudumu kujifunga) na dashibodi ya kidijitali, haimpi nafasi hiyo, na ndiyo sababu wengi wanaoinunua huambiwa kwamba haiguswi. Si kweli. Inaguswa, tena inaweza kubadilishwa usukani, siti, taa, mkia, rangi na hata uwiano wa sproketi (gia za cheni) zake katika banda la nyumbani, ilimradi mwenye nayo ajue kwanza kompyuta ya injini inapima nini. Vile inavyovipima viachwe mahali pake. Vile isivyovijua ndivyo vya kubadili. Na kila badiliko lifanywe kwa namna ambayo, siku ukitaka kuirudisha pikipiki ilivyotoka kiwandani, utairudisha kwa kufungua bolti, wala si kwa kuunga waya uliokatwa au kuchomelea chuma kilichoondolewa.

Vitu ambavyo kompyuta inavijua

Kabla ya kununua chochote, tafuta kitabu cha ufundi cha pikipiki yako. Sikusudii kile kijitabu cha mmiliki kinachoeleza namna ya kuwasha taa, bali kile cha karakana chenye mchoro wa wayaringi na jedwali la nguvu ya kukaza kila bolti. Ukikipata, toa siti na vifuniko vya plastiki, kisha ufuatilie kwa kidole kila waya unaoingia kwenye kompyuta. Utakuta sensa ya shinikizo la hewa na ya joto la hewa karibu na mdomo wa kuvutia hewa, nyingine inayofuata mkono wa mafuta, nyingine inayohesabu mizunguko ya injini, nyingine ya joto la injini, na moja iliyokazwa kwenye ekzosi ili kupima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Swichi ya stendi na ya klachi nazo zimeunganishwa humo humo, ndiyo maana injini huzimika ukiingiza gia stendi ikiwa chini.

Sensa ya shinikizo la hewa ina maana ya pekee kwa mtu wa Mwanza. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya milimani iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo shinikizo la hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 12 likilinganishwa na la Dar es Salaam. Kabureta iliyorekebishwa pwani haina habari hiyo; huendelea kumwaga mafuta kwa kipimo cha pwani, na plagi ya cheche ikitolewa huwa nyeusi kwa masizi. Injekta hupima na kupunguza yenyewe. Kwa sababu hiyo, yale maelekezo ya kubadili jeti (kitundu cha mafuta ndani ya kabureta) kulingana na mwinuko hayakuhusu, na kile kifaa kidogo kinachouzwa kuwa kinaongeza nguvu, ambacho kazi yake hasa ni kuidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi kuliko ilivyo, kitakuongezea gharama ya petroli tu.

Ekzosi na ea klina ndipo watu wengi hutaka kuanzia, na ndipo ningependa waishie. Sensa ya oksijeni huisaidia kompyuta kusahihisha kipimo cha mafuta injini inapotembea kwa mwendo wa kawaida, lakini ukifungua mkono wote kompyuta huacha kuisikiliza na kufuata jedwali lililowekwa kiwandani, jedwali ambalo liliandikwa kwa kuzingatia boksi la hewa na ekzosi zile zile za asili. Ukiondoa boksi la hewa ukaweka kichujio cha wazi, na wakati huo huo ukafunga bomba tupu lisilo na kizuizi, hewa huzidi mafuta pale pale injini inapofanya kazi ngumu kuliko zote, na joto la valvu hupanda. Kubadili kile kipande cha nyuma cha ekzosi peke yake, ukaacha bomba la mbele na sensa yake, kwa kawaida hakuleti shida hiyo. Zaidi ya hapo unahitaji kompyuta iandikwe upya na mtu mwenye vifaa vya kupimia, na hiyo si kazi ya banda la nyumbani. Kuhusu sauti, majirani wa Mwanza wanaishi juu ya mawe na chini ya mawe, na mlio wa ekzosi ya wazi usiku hupiga mwamba mmoja ukarudi na mwingine. Hilo nalo ni la kufikiria.

Kuna sensa moja ambayo humsumbua mgeni wa kazi hii kuliko nyingine zote, nayo ni ile inayotambua kwamba pikipiki imeanguka. Ni kiboksi kidogo, mara nyingi kimefichwa chini ya siti au nyuma ya taa ya mbele, na kazi yake ni kuzima injini na pampu ya mafuta pikipiki ikilala ubavu. Anayetaka kusafisha eneo la chini ya siti hukifungua, akakisogeza, kisha akakifunga kwa zipu tai kikiwa kimelala au kimegeuka. Matokeo yake ni pikipiki ambayo dashibodi inawaka, pampu haivumi, na injini haitaki kuwaka, ilhali hakuna kilichoharibika. Kiboksi hicho hubeba alama ya upande wa juu. Ukilazimika kukihamisha, kifunge kikitazama vile vile kilivyokuwa kikitazama, na mpira wake wa kuzuia mtikisiko uende nacho.

ABS inasoma kasi ya kila gurudumu kupitia pete yenye matundu karibu na diski ya breki, ikilinganisha la mbele na la nyuma. Ukiweka tairi la kipimo kingine upande mmoja, hesabu hiyo huharibika. Baki na vipimo vya kiwandani, ubadili aina ya kashata (meno ya tairi) ukipenda. Kwa anayepanda njia za changarawe za Mabatini au Bugando, tairi lenye meno kiasi lina faida kubwa kuliko urembo mwingine wowote.

Mahali pa kazi

Nyumba nyingi za hapa zimejengwa kwenye miteremko, na uwanja ulio sawa ni adimu. Sakafu inayoinama hata kidogo humfanya mtu apime vibaya urefu wa siti, unyoofu wa taa na uwiano wa usukani, na pikipiki iliyoinuliwa kwa jeki huteleza. Tafuta mita mbili kwa tatu za saruji iliyosawazishwa, ziwe na paa na mlango wa kufunga. Oili chafu na maji ya breki yakusanywe kwenye galoni na kupelekwa gereji wanakoyakusanya. Yakimwagwa kwenye mfereji, mfereji huingia Mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani.

Spana za soketi, aleni, multimeta na spana ya kupimia nguvu ya kukaza ndivyo vya lazima. Hiyo ya mwisho wengi huona ni anasa. Bolti ya milimita 6 kwa kawaida hukazwa kwa takriban Nm 10 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya milimita 8 kwa kama Nm 22, na mkono wa fundi aliyezoea magari huvunja ile ndogo bila hata kuhisi, hasa inapoingia kwenye alumini. Picha za simu zipigwe kabla ya kufungua kila kitu, na bolti za kila sehemu ziwekwe kwenye kopo lake lenye jina.

Usukani, siti na mkia

Usukani ndio badiliko linalohisiwa haraka zaidi. Pima kwanza kipenyo cha sehemu inayobanwa, kwa kuwa nyingi ni za milimita 22 na nyingine nene ni za milimita 28, na kimoja hakiingii kwenye kishikio cha kingine. Baada ya kuufunga, zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia huku ukiangalia waya wa klachi, waya wa mafuta na mpira wa breki. Hakuna hata kimoja kinachotakiwa kukaza wala kukunjika. Kisha washa injini, iache ikae mwendo wa chini, uzungushe tena pande zote mbili polepole. Mlio ukipanda hata kidogo unapofika mwisho, waya wa mafuta unavutwa, na siku utakapokata kona kali sokoni Kirumba pikipiki itajiongezea mwendo yenyewe.

Kwenye pikipiki ya ABS ni nafuu kuchagua usukani unaolingana na mpira wa breki uliopo kuliko kununua mpira mrefu. Ukiufungua mfumo, hewa inaweza kuingia kwenye pampu ya ABS, na baadhi ya modeli haziitoi hewa hiyo bila kompyuta ya gereji. Ikibidi kufungua, pete za shaba (washa) zinazobana ungio ziwe mpya, na maji ya breki yawe ya daraja la DOT lililoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa na chupa iliyokaa wazi karibu na ziwa haina thamani tena. Hayo maji hula rangi, funika tenki.

Siti haina siri. Nunua fremu ya siti ya pili iliyotumika, mpelekee fundi anayeshona siti za bajaji na daladala, mwambie aweke sponji ngumu chini na laini juu, na kifuniko cha leza kisichoteleza. Usichonge siti ya asili. Wala usiifupishe sana ukidhani hutapakia mtu. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni kosa, lakini ndugu mmoja wa kumpeleka Nyegezi stendi hakosekani.

Mkia ndio unaowafanya watu washike grenda, na hapo ndipo ninapowaomba waiweke chini. Pikipiki nyingi za kisasa zina fremu ya nyuma iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu kuu. Kama yako ni hivyo, tafuta ya pili iliyotumika, ukate hiyo, na ya asili uihifadhi. Kama imechomelewa moja kwa moja, ridhika na kubadili madigadi, taa na kishikio cha namba. Kwa anayekata, kipimo kisichosamehe ni nafasi kati ya tairi na madigadi mpya. Bandika bonge la udongo wa mfinyanzi chini ya madigadi, fungua shokapu za nyuma, kisha inua gurudumu taratibu kwa jeki mpaka kiwango ambacho shokapu ingefika ikibanwa yote. Ukishusha, unene wa udongo uliobaki ndio nafasi uliyo nayo, na nisingekubali chini ya sentimita mbili. Kuchomelea kufanyike fremu ikiwa imetolewa. Kama haitoki, chomoa betri na plagi za kompyuta kabla ya mchomeleaji kugusa, na hasi ya mashine ibanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, ili umeme usitafute njia kupitia sensa.

Umeme

Hapa ndipo pikipiki nyingi zilizobadilishwa huharibika, na sababu haibadiliki: mtu alikata waya, akausokota na mwingine, akazungushia tepu nyeusi. Ungio la namna hiyo hufanya kazi vizuri kiangazi. Masika ikifika, Machi hadi Mei, maji huingia, shaba hugeuka kijani, ukinzani hupanda, na kompyuta iliyozoea kusoma sensa kwa usahihi huanza kusoma uongo. Kisha pikipiki huzimika mvua ikinyesha na kuwaka jua likitoka, na fundi atabadili plagi, koili na pampu kabla ya kufikiria lile ungio.

Njia sahihi ni kutengeneza kipande cha waya cha katikati. Nunua plagi dume na jike zinazofanana na zile za kiwandani, unga waya za taa yako mpya kwenye plagi hiyo kwa kubana na kulehemu risasi, valisha mpira unaosinyaa kwa joto, kisha uichomeke mahali palipokuwa na taa ya zamani. Wayaringi wa asili haujaguswa. Pale ambapo ni lazima ushike umeme mpya, kwa mfano kwa spotilaiti, uchukue moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na waya wa taa ya zamani ufanye kazi ya kuiamuru relei tu. Hesabu yake ni rahisi: wati ugawe kwa volti 12. Spotilaiti mbili za wati 20 ni wati 40, yaani ampea 3.3 hivi, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inatosha na waya wa milimita mraba 1 hautapata joto. Fyuzi ikae karibu na betri, isikae karibu na taa, kwa kuwa inalinda waya.

Indiketa za LED zitapepesa haraka kupita kiasi mara tu utakapozifunga. Flasha ya kawaida, kile kifaa kinachozipepesa, hutambua balbu iliyoungua kwa kuona umeme umepungua, na balbu ya wati 10 ikibadilishwa na LED ya wati 2 flasha huamini kwamba balbu imekufa. Badili flasha uweke ya kielektroniki isiyotegemea mzigo. Kama pikipiki yako haina flasha ya kuchomoa, kwa sababu kazi hiyo inafanywa na kompyuta, tumia rezista zinazouzwa kwa ajili hiyo, na uzifunge kwenye chuma, mbali na plastiki, maana huwa za moto.

Rektifaya, inayogeuza umeme wa injini uwe wa kuchaji betri, isihamishwe kwenda chini ya siti kwa ajili ya usafi wa macho. Imewekwa mbele kwa sababu inahitaji upepo. Mwisho wa kazi yote ya umeme, pima vitu viwili. Injini ikizunguka kama mara 5,000 kwa dakika, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisha, swichi ikiwa imezimwa, chomoa waya wa hasi kwenye betri, uweke multimeta katikati ya nguzo na waya huo usome umeme unaovuja. Miliampea chache ni saa ya dashibodi. Zikiwa 50, betri ya ampea-saa 8 itakwisha kabisa kwa saa 160, ambazo hazifiki hata wiki moja.

Rangi

Tenki la pikipiki ya injekta lina pampu ndani yake, na bomba la mafuta hukaa na shinikizo la takriban mara tatu ya hewa ya kawaida hata injini ikiwa imezimwa. Chomoa plagi ya pampu, washa injini iungurume mpaka izimike yenyewe, kisha ndipo ufungue bomba huku umelifunika kwa kitambaa. Toa pampu nzima, mimina petroli yote, na uliache tenki wazi nje mpaka harufu iishe. Moto usiwepo karibu, hata wa jiko la mkaa la jirani.

Rangi ya zamani ikiwa imara, huna haja ya kuifikia chuma. Msasa namba 320 na kisha 600 wa maji hutosha kuipa praima mahali pa kushika. Palipotoboka kutu, anza na 180. Vanishi angavu ya magari, ile ya kuchanganywa na kikaushi, ndiyo inayostahimili petroli inayomwagika, lakini mvuke wake ni hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Inahitajika ile ya vichujio vya kemikali.

Saa ya kupaka ina uzito kuliko bei ya rangi. Alfajiri kuna umande. Mchana upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu na kubeba vumbi. Jioni, ukiwasha taa, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi juu ya maji huifuata, na rangi mbichi iliyopakwa saa moja usiku huko Bwiru au Capri Point itakuwa na miguu na mbawa ndani yake kufikia saa mbili. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, siku isiyo na mawingu mazito, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji ili vumbi litulie, ndio wakati wangu. Mahali ambapo waya za hasi hufungwa kwenye fremu pafunikwe kwa tepu kabla ya kupaka. Rangi haipitishi umeme.

Sproketi

Kwa mtu anayeshinda milimani, badiliko dogo la sproketi ya nyuma lina manufaa kuliko ekzosi ya bei mbaya. Ikiwa mbele kuna meno 14 na nyuma 42, uwiano ni 3.0, ukiweka 45 nyuma unakuwa 3.21, yaani nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu imeongezeka kwa asilimia 7, na mwendo wa juu umepungua kwa kiasi hicho hicho. Badili cheni pamoja na sproketi zote mbili. Angalia pia kasi inasomwa wapi: kama ni kwenye gurudumu, hakuna kitakachobadilika, kama ni kwenye gia boksi, dashibodi itaonyesha mwendo mkubwa kuliko halisi.

Kadi, bima na barabara

Rangi ya pikipiki na namba ya injini zimeandikwa kwenye kadi. Ukibadili mojawapo, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) kadi isahihishwe kabla hujakutana na trafiki anayeshika kadi ya pikipiki nyekundu akitazama pikipiki ya kijani. Mwenye bima kubwa amwarifu pia mtoa bima. Kibao cha namba kibaki kinasomeka na kina taa, vioo vibaki viwili.

Jaribio la kwanza liwe fupi na tambarare, kwa mfano barabara ya uwanja wa ndege upande wa Ilemela asubuhi mapema, breki zikijaribiwa mwendo mdogo kwanza na taa ya ABS ikiwa imezimika baada ya kuanza kutembea. Ikipita, panda Bugando ukiwa na abiria. Ikipita tena, toka Usagara kuelekea Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Hizo kilomita 3 juu ya maji, penye upepo wa ubavuni, zitakuonyesha kama usukani mpya na kioo kipya cha mbele vinatikisika. Kabla ya safari, tia nukta ya rangi ya kucha ikivuka kila nati uliyoigusa na chuma kilicho chini yake. Ukirudi, nukta iliyokatika katikati inakuonyesha nati iliyojifungua, nawe utaikaza hiyo badala ya kuzipitia zote.

Vifaa ulivyoviondoa vipakwe oili, matundu ya ekzosi yazibwe kwa kitambaa, plagi za waya zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, na vyote viandikwe jina na kuwekwa juu, mbali na sakafu yenye unyevu. Mnunuzi wa baadaye atauliza kuhusu hivyo kabla ya kuuliza bei.